Shanga Zilizofungwa Breki

11 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo, mguu hausumbui, na kikohozi cha Mama kimeondoka kwa hiari yake kabla hajakitafutia dawa nyingine ya majani. Mimi afya ninayo. Vingine vyote vimenishinda.

Umeniuliza mara tatu ni kitu gani hasa ninachokisoma huku, na mara zote tatu nimekupiga chenga. Leo nitakujibu kwa sababu nina hasira, na mimi nikiwa na hasira hueleza vizuri. Chukua shanga uzipange mstari mmoja. Kila shanga ifunge na jirani yake kwa springi ndogo. Sasa upande mmoja wa mstari upashe moto, upande wa pili uupoze. Shanga zilizopashwa moto zitatetemeka sana, zitawasukuma jirani zao, nao watawasukuma jirani zao, na joto litasafiri mpaka mwisho wa mstari. Kazi yangu ni kuhesabu ni joto kiasi gani linapita. Shanga zenyewe ziko ndani ya kompyuta tu. Ndiyo, Baba, niliaga nyumba nzima, Mama akalia, nikaja kutikisa shanga ambazo hazipo.

Kwa fimbo ya chuma hesabu ni rahisi. Ukiirefusha mara mbili, joto linalopita linapungua nusu, na ukigawanya vizuri unapata namba moja ambayo ni tabia ya chuma kile, fimbo iwe ndefu au fupi. Mstari wangu wa shanga hautaki. Nikiurefusha mara mbili, joto halipungui nusu, linabaki kama asilimia sitini na tatu. Kwa hiyo ile namba haitulii, inapanda. Shanga elfu moja, inapanda. Elfu nane, inapanda. Elfu thelathini na mbili, kompyuta imehangaika siku kumi na saba, inapanda. Kwa springi za kawaida watu wanajua tangu zamani kwamba ndivyo ilivyo. Lakini springi zetu ni za aina nyingine, ngumu ukizibana na laini ukizivuta, na Profesa ameapa kwamba kwa aina hii namba lazima itulie.

Kila Jumatatu ananiuliza, "Imetulia?" Nikisema bado, anatazama dirishani kama mtu aliyeletewa sahani ya mwenzake, halafu ananiambia nitafute kosa kwenye programu yangu. Huu mwaka wa nne natafuta kosa. Jirani yangu wa mezani, aliyekuja baada yangu, amemaliza wiki iliyopita na kuniachia kikombe chake na nusu pakiti ya majani ya chai. Nilimpongeza huku nikitamani kumtupia hicho kikombe.

Msalimie Mama. Mwambie ninakula.

Mwanao,
Kiherehere


2 Machi

Mwanangu Kiherehere,

Marahaba. Sisi wazima. Kikohozi cha mama yako kimepona, sasa anatafuta mtu wa kummalizia dawa iliyobaki, nami najificha. Mguu wa bandia hauna neno. Unaouma ni ule uliokatwa, kama kawaida yake.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza niliona shanga tu. Mara ya nne nikamwita mama yako nikamwambia, huyu mtoto wako anasoma treni! Hebu fikiri. Mabehewa thelathini na nane kwenye mstari mmoja, kila behewa limeshikana na jirani yake kwa kiungo chenye springi. Injini inagusa mbele, mtikisiko unapita behewa kwa behewa, ta, ta, ta, ta, mpaka behewa la mwisho. Na behewa la mwisho alikaa nani miaka ishirini na miwili kama gadi wa treni, na taa yake na daftari lake la safari? Umesafiri kote huko kwenda kujifunza kitu ambacho ungeniuliza mezani.

Sasa nisikilize vizuri. Ofisi ya reli imebandika tangazo. Mafaili yote ya ajali za zamani yatapitiwa upya, na mwenye malalamiko alete maelezo kabla ya tarehe thelathini Juni. Faili langu unalisikia tu, maana ulikuwa na miaka tisa. Ngoja nikuandikie.

Siku ile tulisimama stesheni ndogo, mvua inanyesha. Injini ilitenganishwa na mabehewa ikaenda upande wa ghala, kisha ikarudi kuungana na mabehewa yetu. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye ngazi ya behewa langu, nyuma kabisa. Injini ikagonga. Ule mtikisiko ulinifikia ukanirusha chini, goti likapasukia kwenye reli, na mengine unayajua, kidonda kikaharibika wakakata. Sikuteleza. Nilirushwa.

Kamati ikaandika hivi, nakunukulia neno kwa neno maana nimeyahifadhi: "Dereva aliungana kwa mwendo wa kawaida. Breki za mkono za mabehewa sita ya nyuma zilikuwa zimefungwa, kama daftari la safari linavyoonyesha. Mtikisiko wowote ungekufa kabla ya kufika behewa la mwisho. Mfanyakazi alianguka kwa uzembe wake mwenyewe."

Kwa uzembe wake mwenyewe. Nimeishi na hayo maneno manne miaka kumi na tisa. Na dereva alikuwa nani? Yule yule Taratibu, tuliyempa jina hilo kwa sababu akisimamisha treni chai haimwagiki. Rafiki yangu wa kula naye. Alisimama mbele ya kamati akasema aligusa polepole. Kama aligusa polepole, mimi nilirushwa na nini, na upepo? Kati ya nyumba yake na yangu kuna nyumba nne tu, na tangu siku ile sijamjibu salamu.

Kwa hiyo nataka ukurasa mmoja kutoka kwako, wenye jina la chuo juu, useme mtikisiko haufi njiani. Wayafute yale maneno. Sitaki kitu kingine chochote kutoka kwao.

Baba yako


20 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo ya Mama pia. Mimi mzima, nimepata mafua kidogo kwa sababu dirisha la ofisi yetu halifungiki na fundi anasema si kazi yake ni kazi ya seremala, na seremala anasema ni kazi ya fundi.

Baba, siwezi kuiandika hiyo barua. Usinune kwanza, soma. Shanga zangu si mabehewa yako. Mabehewa yana uzito wa tani, yana viungo vilivyolegea, yana magurudumu yanayokwaruza reli. Mimi sijawahi kupima behewa hata moja. Na hata hizo shanga zenyewe sijaweza kusema lolote juu yake! Namba yangu inapanda, na mtu mwenye mamlaka juu yangu anasema inapanda kwa sababu mimi sijui kuandika programu. Nikiweka jina la chuo kwenye jambo nisilolijua, watanifukuza, na watakuwa na haki.

Nitakuambia na hili, kwa kuwa leo ulimi hauna breki. Nimekua ndani ya ile sentensi ya kamati. Tulikuwa tunakula nayo. Ukikosa usingizi ni hiyo, ukigomba na Mama ni hiyo. Mimi nilifikiri nikija huku angalau nitapumzika mbali nayo, kumbe umeifunga kwenye bahasha umeniletea. Naomba radhi kama nimevuka mpaka. Sifuti lakini.

Niombee namba itulie. Sijali tena kwa nini.

Mwanao,
Kiherehere


9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Wazima.

Nimesoma. Sina la kuongeza. Mama yako anasema nikuandikie hali ya hewa, basi, kuna jua.

Baba yako


6 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mko salama? Barua yako ndefu kuhusu jua imenifikia. Nilistahili.

Ninakuandikia kwa furaha safari hii. Imetulia! Baba, namba imetulia. Nilisafisha programu yangu yote mwezi uliopita, nikaipima upya hatua kwa hatua, nikaiendesha tena. Shanga elfu nne, elfu nane, elfu kumi na sita, namba ni ileile. Nikirefusha mara mbili, joto linapungua nusu kamili, kama chuma cha duka. Nilikaa nikaitazama skrini mpaka chai ikapoa. Jumatatu Profesa aliingia na swali lake, nikasema, "Imetulia," naye akacheka kwa sauti. Sikujua ana meno mazuri hivyo. Akaita watu wa chumba cha pili waje waone. Mwezi ujao ananipeleka kwenye mkutano mkubwa wa wataalamu, ameshawatumia muhtasari wenye jina langu mwanzo na lake mwisho.

Sasa linakuja la kwako, na sitaki kukuficha. Kama shanga zangu zinasema chochote kuhusu mabehewa, basi zinasema walichosema wale wa kamati. Kwenye mstari wangu mtikisiko hausafiri mbali. Unatawanyika, unadhoofika, na huko mwisho hakifiki kitu cha kumrusha mtu. Nasikitika, Baba. Pengine uliteleza tu. Mvua ilikuwa inanyesha, na kuteleza si kosa la jinai. Pengine ungeliacha faili lilale.

Mwanao,
Kiherehere


19 Mei

Kiherehere,

Marahaba. Mama yako hajambo. Mimi sijambo kwa nje.

Nimefurahi kwa ajili ya Profesa na meno yake. Sasa nikuambie kitu ambacho hakimo katika kompyuta yako. Hizo shanga zimefungwa breki.

Usicheke. Mimi nimelala kwenye behewa la mwisho miaka ishirini na miwili, najua mtikisiko kama unavyojua mwandiko wangu. Mabehewa yakiwa huru, hayaui mtikisiko. Yatauua kwa kutumia nini? Kila moja linachopewa na wa mbele linampa wa nyuma, halina pa kukiweka. Injini ikigusa kidogo tu huko mbele, kidogo kile kile kinakuja mpaka nyuma, na behewa la mwisho halina wa kumpa, linakipokea chote. Tulikuwa tunafunga mabegi yetu kwa kamba humo ndani, unafikiri ni kwa mapambo? Kinachoua mtikisiko ni breki. Breki inalishikiza behewa kwenye reli, na mtikisiko unaishia ardhini. Ukifunga hata mabehewa sita tu ya nyuma, unaweza kulala usingizi, injini igonge itakavyo wala hugeuki ubavu. Hilo analijua kila mtu aliyewahi kupeperusha kibendera kwenye reli, na hahitaji miaka minne ya kusoma.

Kwa hiyo kama shanga zako zimekuwa chuma cha duka kwa ghafla, nenda katazame nani amezifunga chini. Usiniambie mimi niliteleza. Ungekuwa mtu mwingine ningeichana barua yako.

Baba yako


2 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mu wazima. Mimi sijui niko vipi, ngoja nieleze tu.

Nilikasirika na barua yako siku mbili. Siku ya tatu nilifungua programu ili nikuthibitishie kwamba hujui unalosema. Mstari wa mia mbili na kumi na nne wa programu, Baba. Mwezi wa nne, nilipokuwa naipima upya, niliweka uzi dhaifu unaoshikiza kila shanga kwenye sakafu. Ni kipimo cha kawaida, maana shanga zilizoshikizwa chini jibu lake linajulikana, namba yake hutulia. Nilitaka kuona kama programu italipata hilo jibu. Ikalipata. Nikafurahi, nikaenda kula, na uzi nikausahau. Zote elfu kumi na sita zilikuwa zimefungwa breki kama ulivyosema. Nilitoa mstari ule mmoja, nikaendesha tena siku tano. Inapanda. Inapanda palepale ilipokuwa inapanda mwaka wa kwanza.

Nilikwenda kwa Profesa nikamwambia akiwa bado na koti mkononi. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Alikaa, akaandika barua ya kuondoa muhtasari wetu mbele yangu, akasoma kwa sauti ile sehemu inayosema "kwa sababu ya kosa la mwanafunzi wangu," akaituma. Tangu hapo tukikutana kwenye ngazi ananipa kisogo. Watu wa chumba cha pili wameacha kuja kuazima sukari. Miaka minne, Baba, na siku niliyofurahi ndiyo siku niliyokosea. Nimelia chooni kama mtoto wa shule, nikanawa uso, nikarudi mezani.

Sasa nataka unisome polepole. Ulikuwa sahihi kuhusu shanga, na nadhani uko sahihi kuhusu mabehewa. Barua uliyoniomba sasa naweza kuiandika, siyo kwa jina la chuo, kwa jina langu mwenyewe. Nitaandika kwamba mtikisiko mdogo wa mbele hufika nyuma ikiwa mabehewa yako huru, na kwamba dereva anaweza kugusa polepole na mtu wa nyuma akarushwa. Ila siwezi kuiandika kabla hujanijibu jambo moja. Daftari la safari linasema breki sita za nyuma zilifungwa. Daftari limeandikwa kwa mkono wako. Na wewe mwenyewe umeniandikia kwamba zikifungwa sita, mtu hageuki ubavu.

Ulirushwa, nakuamini. Basi breki zilifungwa, Baba?

Mwanao,
Kiherehere


24 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Wiki tatu sijapata jibu. Nilimpigia Mama simu, anasema u mzima, unakula, unakaa nje unatazama barabara, na ukiambiwa kuna simu yangu unaingia kuoga. Kuoga mara ngapi kwa siku?

Sikukuuliza ili nikukamate. Mimi si kamati. Lakini siwezi kuwaandikia nusu. Nikisema mtikisiko ulifika, mtu yeyote mwenye akili atauliza breki zilikuwa wapi, na nisipoandika nitakuwa nimeacha uzi wangu kwenye shanga kwa makusudi. Ule wa kwanza niliuacha kwa kusahau na bado umenigharimu. Siku sita zimebaki. Ukinijibu ndiyo, nitaandika kwamba sielewi ulirushwa na nini. Ukinijibu hapana, nitaandika ukweli wote na jina lako litakuwa safi upande mmoja na chafu upande mwingine. Chagua wewe. Nimechoka ile sentensi kunichagulia.

Habari za huku, Profesa ameanza kunijibu tena, neno moja moja. Jana alisema, "Andika unachokiona." Basi naandika kwamba haitulii. Nisipokujibu haraka ujue niko kwenye kuandika hilo.

Nijibu hata kwa neno moja.

Mwanao,
Kiherehere


7 Julai

Mwanangu,

Marahaba, ya barua mbili. Mama yako anakusalimu, anasema ule. Tarehe imepita, kama ulivyoona kwenye kalenda yako. Nilikaa na swali lako nikiwa nimefura kwa hasira. Nilimwambia mama yako kwamba mtoto huyu sitamwandikia tena. Akasema sawa, ila nikakae nje, maana nanung'unika kama redio mbovu.

Sikuzifunga.

Pale ni tambarare, mabehewa hayaendi popote, mvua inanyesha, magurudumu ya breki ni sita na kila moja lina mizunguko kumi na miwili na chuma kimelowa. Wengi wetu hatukuwa tunafunga pale. Daftari nilishaliandika tangu stesheni ya nyuma ili karatasi isilowe, zote sita, zimefungwa, na sahihi yangu. Nilipopata fahamu hospitali, daftari limeshakwenda kwa kamati. Ningesema nini? Kwamba nilirushwa, ni kweli, ningekufa nikiisema. Kwamba breki zilifungwa, nilikuwa nimeshaandika, na aliyeandika uongo kwenye daftari la safari alikuwa anafukuzwa siku hiyo hiyo. Nikasema yote mawili. Wao wakaamini mwandiko wangu, mdomo wangu wakauita mwongo. Baada ya mwaka mmoja au miwili nilikuwa nimeshajisahaulisha, naapa. Nilikuwa nikiona kabisa mikono yangu inazungusha yale magurudumu. Mpaka barua yako ya Juni. Kwa nini uliniuliza, Kiherehere? Nilikuwa nimezoea kuonewa.

Tarehe thelathini nilivaa shati zuri nikaenda ofisi ya reli. Fomu ina sehemu imeandikwa, unamlalamikia nani. Nikaandika jina langu. Yule mama wa dirishani akasema, "Mzee, hapa panaandikwa jina la mwingine." Nikamwambia sina mwingine. Akaita mkubwa wake, mkubwa wake akasoma maelezo yangu yote akiwa amesimama, akasema faili halifunguliwi kwa mtu kujilalamikia, labda niandike barua kwa makao makuu, na huko nako sijui kama wana utaratibu. Nikarudishiwa fomu yangu. Kwa hiyo yale maneno manne yamebaki kama yalivyo. Ni ya kweli, ila waliyapata kwa kubahatisha, tena kwa kuamini uongo, na hilo linaniudhi kuliko mguu.

Kutoka hapo sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwa Taratibu. Alikuwa anapaka rangi mlango wake. Sikuanza na salamu, nilianza na breki, maana ningeanza na salamu ningerudi. Nikamwambia, sikuzifunga zile sita, wewe uligusa polepole, mimi nimekusema vibaya kila mahali miaka kumi na tisa. Akaendelea kupaka rangi.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Injini inasema. Ukigusa mabehewa yaliyofungwa nyuma, yanakurudishia mkononi. Yale hayakurudisha kitu. Yalipokea yote yakaenda nayo. Nikasema moyoni, huko nyuma kuna mtu."

Nikamuuliza kwa nini hakuwaambia kamati. Akasema, "Wangekufukuza ukiwa kitandani. Mguu mmoja, na mtoto wa miaka tisa." Hapo nikapandwa na hasira, sitakuficha, nikampigia kelele kwamba basi angeniambia mimi. Akaweka brashi chini. "Nilikuja hospitali mara tatu. Ulimwambia nesi aniambie umelala. Mara ya tatu nilikusikia mwenyewe ukimwambia." Halafu akasema kwamba miaka yote hii anazunguka njia ya nyuma kwenda dukani ili nisimwone nikaharibikiwa siku. Akaingia ndani akafunga mlango, rangi mbichi ikamshika mkono, nikamsikia akiilaani huko ndani.

Kwa hiyo usiandike ile barua. Hakuna wa kuandikiwa. Ya kwako maliza, uandike kwamba haitulii, na Profesa akinuna mwache anune. Na nilikukasirikia bila haki. Hilo naliandika hapa ili liwe kwenye karatasi yenye mwandiko wangu, maana nina deni la ukweli kwenye mwandiko huu.

Nimerudi kwa Taratibu kila siku tangu hapo. Nabisha hodi, hafungui. Namsikia anatembea. Nilikuwa nasimama tu pale nje mpaka mguu unachoka, halafu naondoka. Siku ya nne mkewe alinitolea kiti, nikakaa kwa saa nzima natazama mlango ule, umepakwa nusu. Juzi na jana kiti nilikikuta nje tayari. Leo nimekuta viwili. Cha pili hakuna aliyetoka kukikalia, lakini mpaka naondoka hakuna aliyekirudisha ndani.

Baba yako